Mvua ya Mwezi wa Saba

Waya ishirini na moja, gundi baridi,
kichwa cha Eunike Chidawali, mkulima wa mpunga, Bahi.
Nikamwambia: usitafune, usiongee, fumba macho.
Kwenye kioo mistari ikaanza kutambaa
kama njia za ng'ombe kuelekea lambo.

Alikuwa ameshanieleza:
kabla haujamwangusha, hunusa mvua.
Ile ya kwanza, inayogonga vumbi jekundu,
hata mwezi wa Saba, nchi imekauka kama ngozi ya ngoma.
Hukimbia uani kuanua alizeti.
Majirani hucheka.
Kisha chini.

Dakika ya kumi na tisa mstari wa kushoto
ukaota mwiba. Mwiba. Mwiba.
Naye, macho bado yamefumbwa:
"Inakuja. Anueni."

Nikaweka alama, nikaandika saa.
Hiyo ndiyo mvua yake,
mikrovolti themanini, nyuma kidogo ya sikio.
Nikakiinamia kioo, nikanusa
(sijui kwa nini; hakuna aliyeniona).
Plastiki. Spiriti.

Daktari akampa vidonge, viwili kwa siku.
Baada ya miezi minne akarudi. Miiba hakuna.
Na harufu nayo hakuna.
"Kumbe ulikuwa ubongo tu," nikamwambia,
nikidhani namfariji.
"Sawa," akasema. "Lakini niliinusa."
Akaikunja karatasi ya dawa mara mbili, mara tatu,
akauliza kama kidonge chaweza kukatwa
mahali ambapo kuanguka kunaisha
na mvua inabaki.

Sikuwa na kisu cha namna hiyo.

Leo, Maili Mbili, Novemba,
upepo umebeba mchanga asubuhi nzima
halafu matone, makubwa, machache,
moja juu ya bati, moja kwenye ndoo, moja vumbini,
na hiyo harufu ikaniingia nikiwa mlangoni.
Najua njia yake yote: pua, mshipa,
mwako mdogo gizani. Naweza kuuchora.
Mchoro haunuki.

Au pengine unanuka, kwa upande wa ndani,
na huo upande wa ndani
ndio huyu anayesimama hapa na kusema "mimi."

Nikakumbuka shati langu kambani.
Nilipofika lilikuwa limeshalowa.