Mkwaruzo

Kasha nililiunga mwenyewe, Nkuhungu, kwenye meza ya chakula,
kwa bisibisi moja ya nyota na mkopo wa kikundi:
mazabodi ya mtumba kutoka kwa kijana wa Sabasaba,
ramu mbili za rangi tofauti, zinavumiliana kama mawifi,
feni iliyokuwa ya mtu mwingine, bado ina kikohozi chake.
Ikawaka. Nikamwita jirani aje aone taa.

Kisha nikafungua sauti ya Shangazi Sechelela.
*Krr. Mbu— krr. Mbukwa, mwa— mwa— mwanangu.*
Mwanamke asiyewahi kukatizwa na mtu,
hata mchungaji alimsubiri amalize,
sasa anakatwakatwa kama bamia,
anakwama penye jina, anaruka mwaka mzima,
na Jumamosi tunaweka msalaba Mvumi
na ukoo wote unataka kumsikia.

Nikaanza na waya, maana ndio unaoonekana.
Nikachomoa, nikapuliza, nikachomeka nyuma badala ya mbele.
Krr.
Nikaazima spika za kwaya. Krr, kubwa zaidi.
Chilongani wa redio akasema vumbi,
kwake Dodoma kila ugonjwa ni vumbi;
nikapiga brashi mpaka nikapiga chafya.
Shemeji wa umeme akasema nyumba haina ethi,
akazika nondo uani, akaimwagia chumvi na ndoo mbili
wiki ile ile ya mgao wa maji,
mke wangu akimtazama tu.
Krr.

Upepo wa Julai ulikuwa unatafuta bati la kung'oa.
Hewa kavu: ukivua sweta gizani unaona cheche,
ukigusa kasha, nalo linakugusa.
Nikarudisha dreva ya zamani, kisha ya zamani zaidi.
Nikaongeza bafa; sauti ikachelewa kama barua,
ikafika, imepasuka njiani.

Saa nane usiku nikafanya lile ambalo fundi hulifanya mwisho
kwa kuwa halina bei:
nikasikiliza. Niliyaacha maneno yapite,
nikaufuata mkwaruzo peke yake.
Krr, sekunde nne, krr, sekunde nne.
Basi ni kitu chenye kazi. Kina ratiba.
Kila baada ya muda kinabisha hodi, kinasema mimi kwanza,
na mazabodi, kwa adabu zake za mtumba,
inamwacha Shangazi mdomo wazi
inakwenda kufungua mlango.

Kikulacho.
Nikaitazama kadi ya waifai,
ile niliyojisifia, elfu kumi na tano na antena mbili,
bando limekwisha tangu Jumapili
nayo inauliza mtandao, inauliza, inauliza.
Nikaizima.

Akatoka mzima.
Na koo lake, na ile pua,
na namna ya kuvuta pumzi kabla ya kumsema mtu.
Anataja wanaodaiwa karanga.
Ndahani, debe moja. Mwalimu Masinga mawili,
na moja ni la mbegu, asijisahaulishe.
Dakika kumi na moja bila kukwama.
Mke wangu alikuja mlangoni na kitenge begani,
hakusema neno, akakaa juu ya boksi la mazabodi.

Kisha: krr.

Nilisimama na bisibisi.
Krr. Dogo, kavu, halina ratiba hili,
mara mbili haraka, halafu linakawia,
halafu kitu kinadondoka kwenye sufuria.
"Hii ina wadudu," akasema Shangazi, si kwangu,
akaitupa, akarudi kwenye madeni.

Kumbe siku ile alikuwa anabangua.
Mimi nilishika simu, nikakumbuka maneno tu,
mikono yake sikuiona.

Programu ya kusafisha sauti imehesabu
mikwaruzo mia mbili na saba,
inauliza kama iiondoe yote kwa mara moja.
"Ukithubutu," akasema mke wangu.

Jumamosi nitalibeba kasha hadi Mvumi,
limefungwa shuka, limepakatwa,
kadi nimeing'oa kabisa, iko mfukoni.
Nasikia Ndahani naye anakuja.