Upungufu wa Herufi A

Mashine ilikuwa ya Halina, Mpolandi wa Tengeru,
aliyebaki kambi ilipofungwa
na wenzake walipopakiwa kwenye malori.
Alisema ana kuku wanaoatamia.
Kasha la herufi lilitoka kwao, mbali,
limejaa z na w za kutosha kuchapa misiba ya bara zima,
lakini a, jamani, zilikuwa kiganja tu,
na Kiswahili hula a kama mbuzi alavyo majani ya migomba.

Mwaka wa sabini na mbili akaja Kyomugasho,
mwalimu kutoka Fort Portal,
sanduku moja, miwani imefungwa uzi.
"Wewe andika?" Halina akamuuliza
kwa Kiswahili chake cha kununulia vitunguu.
"Naandika."
"Mimi chapa."
Mkataba ndio huo. Mwingine sikuuona.

Mimi Nasinyari nilipeleka maziwa nikabakizwa,
miaka kumi na sita, vidole vyembamba.
Nilijua kusoma kinyumenyume
kabla sijasoma vizuri kwenda mbele.
Karatasi zilikuwa fomu za ushirika wa kahawa;
ukigeuza shairi la kufiwa unakuta:
Jina la mkulima. Idadi ya miche.
Sahihi au dole gumba.

Kisha ikaja barua, bwana mmoja wa Tanga, wino wa kijani:

*Bibi nimepata chapa, nimesoma nimechoka,*
*Vina vimekwenda kapa, mizani imevunjika,*
*Hapana nyama, mfupa, hata paka angecheka,*
*Shairi si kugawanya maneno kwa kuyamega.*

Kyomugasho alicheka mpaka akavua miwani.
"Ana haki," akasema. "Beti lake limetulia
kama kitanda kilichotandikwa.
Ila mimi nimeondoka kwetu
kitanda hakijatandikwa."

Nami nilimjibu yule bwana kimoyomoyo, hadi leo namjibu:
ule mstari wa nne haukuvunjwa na falsafa.
A ziliisha.
Nilikuwa napaza sauti, "Mwalimu, hakuna a!"
naye anakuja na majivu ya jiko mikononi,
anaupitisha mstari midomoni bila sauti,
anakata.
"Hapo. Hata pumzi yangu inaishia hapo."
Jioni moja tulikwama kwenye neno *mama*.
A mbili, na kasha tupu.
Alikaa kwenye gunia mpaka taa ikaanza kutoa moshi,
Halina amesimama mlangoni, hasemi, amekumbatia kuku.
Mwisho akaweka *yeye*.

Juzi amekuja msomi, kijana mpole, kinasa sauti mkononi.
Anataka ukurasa wa kumi na moja:

*Nilivuka Mutukula nimebeba*

*na haikuwa na moto.*

Ameandika sura nzima juu ya lile pengo.
"Nchi, bibi," ananiambia. "Hakuweza kuitamka nchi."
Macho yake yalikuwa yamelowa, sikutaka kumkatiza.

Ilikuwa *pasi*.
Pasi ya mkaa, ya mamake, yenye jogoo wa shaba kwenye kifuniko.
Trei ilinielemea, neno likamwagika chini ya mashine,
herufi nne, na mojawapo ni a.
Nilinyamaza.
Nakala mia mbili zilikuwa zimekwisha kukauka kwenye kamba
ndipo Kyomugasho akalisoma pengo langu.
Akalisoma tena.
Akanitazama kwa muda wa kuchemsha maji,
akanituma sokoni nikalete nyanya.

Halikutajwa tena, si siku ile,
wala ule mwaka aliporudi kwao
na kuniachia mzigo kwenye gazeti, umefungwa kwa uzi wa miwani.

Msomi akauliza kama nina la kuongeza.
Nikamwongeza chai.
Pasi ninayo. Jogoo amepoteza mkia,
lakini Jumamosi naitia mkaa
na inashika moto vizuri tu.