Mwerebi wa Purdie

Jumanne ya Juni, barafu bado imeng'ang'ania vioo,
choo kilikataa.
Hakikukataa kwa adabu: kilipanda,
kikaguna kama mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake,
kikanirudishia yote niliyokwisha kuyaaga.
Halafu bafu likajibu. Halafu sinki la jikoni,
kwa sauti ndogo, kama mtoto anayeiga wakubwa.

Hapa Dunedin nyumba zetu zimebandikwa mlimani,
na kila kitu, mvua, mpira, uvumi, huteremkia kwa jirani.
Mimi nakaa juu. Purdie anakaa chini.
Miaka kumi na moja hatujasalimiana.
Chanzo ni uzio, au tuseme inchi nne za uzio,
na neno moja alilolisema juu ya marehemu mume wangu,
ambalo silirudii hapa,
shairi lisije likanuka kabla ya wakati wake.

Nilijua ni mwerebi wake.
Alichomeka kijiti topeni, kikashika,
na tangu hapo mti ule umekuwa ukinywa kwa niaba ya mtaa mzima.
Mwaka juzi nilimwaga mrututu chooni,
usiku, kijiko baada ya kijiko cha buluu,
kama mchawi asiye na uzoefu.
Mwerebi haukupukutisha hata jani.

Fundi Rawiri alikuja na mashine yenye meno
na kamera kwenye waya mrefu, jicho lenye taa.
Akapiga goti penye kifuniko. "Bi Gillies, njoo uone."
Bomba la udongo wa kuchoma, kipande kwa kipande,
na kwenye kila kiungo, uzi,
mwembamba kuliko wa kushonea kifungo.
Waliotuambia tuzibe ufa hawakusema tuuzibe vipi
ukiwa futi sita chini ya kabichi.

Uzi uliingia na kiu yake, ukakuta karamu,
ukaita ndugu.
Mbele zaidi ulikuwa mkia wa farasi,
umeshiba hadi umechukua umbo la bomba,
mweupe, unayumba
kama nywele za mtu anayeoga bila haraka.
Nilitaka kuuchukia. Ulikuwa mzuri.

Rawiri akairudisha kamera, mita mbili, akanyamaza.
"Hapa bomba la Purdie linaingia."
Linaingia wapi?
"Kwenye hili hili. Mnatumia moja, tangu nyumba zijengwe."

Kumbe huko chini, wakati mimi navuka barabara kumkwepa,
supu yangu na chai yake,
sabuni yake na sabuni yangu,
na mengine yasiyotajwa mezani,
yalikuwa yakikutana kila asubuhi
na kwenda zao bila kuulizana nani alianza.

"Na ona," Rawiri akasema, "mdomoni mwa bomba lake
kuna tambara limeshindiliwa."
Basi nikaelewa ile ndoo.
Siku nne nilimwona alfajiri, amebeba ndoo, amejikunja,
nikacheka peke yangu dirishani:
mzee anamwagilia mti kwenye baridi hii!
Yeye ndiye aliyefurika kwanza.
Kila nilipovuta maji, nilimpelekea yeye.
Akaona bora tambara, bora ndoo,
kuliko kupanda ngazi kumi na tisa na kubisha hodi.

Nilizishuka mimi.
Alifungua akiwa na buti za mpira.
"Mti wako," nikasema.
"Mavi yako," akasema.
Tukasimama hapo, wote tumesema kweli.

Mashine ililia hadi saa nane.
Mizizi ilitoka imelowa, vifungu vifungu, tukaiangalia bila neno.
"Itarudi," Rawiri alisema akikunja waya.
"Mwaka mmoja, miwili. Mkiona dalili, mwambiane mapema."

Bili tuliigawa katikati, hata senti ile isiyogawanyika
tulibishania.
Purdie akaandika namba yake ya simu nyuma ya risiti.
Ilikuwa ile ile.
Niliikumbuka yote isipokuwa tarakimu ya mwisho,
au nilijifanya.