Kabla ya Kuvua Viatu

Nyumba njema si mlango, nakubali.
Lakini Evaristo anapima milango tangu Januari
na mimi ndiye nitakayepiga deki.

Basi Jumamosi tukaenda kwa Bwana Quintela,
ghala lake nje kidogo ya Estremoz, nyuma ya kituo cha mafuta.
Amevipanga vipande ukutani
kama karata za mtu anayejua atashinda.
"Chumba kwa chumba," kasema. "Msinunue kwa macho.
Nunueni kwa nyayo."
Nikavua viatu.
Mume wangu akakataa, kwa sababu ya soksi yake.

Jikoni: vigae vya udongo mwekundu, vya kuchomwa kwa kuni,
kwa kuwa mafuta ya zeituni yatamwagika, hilo halina mjadala,
na udongo uliokwisha kunywa mafuta
hauoni aibu kuongezwa tone.
Evaristo alitaka vya kiwandani, vyeupe,
vinavyoteleza kama maneno ya karani wa mikopo.
Nikamwambia vizuri, basi na deki ni yako.
Tulichukua vyekundu.

Chumba cha Zulmira, mwenye miezi minane,
anayetambaa kwa goti moja, jingine akiliburuta kama mkia:
gome la mwaloni, lile lile la vizibo vya mvinyo.
Hapo sikubishana. Baba mkwe aliibambua mialoni hiyo
miaka arobaini, kwa shoka, bila kuijeruhi,
kila mti mara moja kwa miaka tisa,
akiandika mwaka kwa rangi nyeupe kwenye shina
ili asiye na subira asije kabla ya zamu.
Gome lile lina joto. Ukiliangushia yai,
yai litajifikiria mara mbili.

Chumba chetu: mbao za msonobari, zitakazolia.
Nataka zilie. Nataka kujua ni saa ngapi mtu ameamka
kwenda kula jibini gizani.

Mama mkwe, Benvinda, bado hana chumba kwenye ramani,
ila ana fimbo, na fimbo hupenda kuulizwa.
Aligonga kila kipande: ko. Ko. Tu.
"Hiki," kasema, mbele ya linoliamu ya kijivu,
ya bei ya chini kuliko zote,
"hiki hakinisemi."

Kisha Bwana Quintela akafunua turubai
na marumaru ikawaka, nyeupe yenye mshipa wa waridi.
"Ya bafu. Ya ukumbi. Ya hapa hapa, binti,
jiwe la nyumbani."
Nikasema hapana.
Nikavaa viatu.

Nalijua jiwe la nyumbani.
Nimelifua kwenye mashati ya baba,
vumbi jeupe likizama chini ya beseni
kama unga uliokataa kuumuka.
Nimelisikia usiku, kifuani mwake, likisaga.
Hakuna aliyemwambia machimboni afunike pua.
Sitaki kuoga juu ya hilo.

Evaristo hakusema neno.
Aliuliza bei ya vigae vya bluu.

Mwezi wa tano, mafundi walipofika mlangoni na saruji,
mama yangu akaja na trekta ya jirani
na kitu kimefungwa blanketi.
Bamba. Upana wa mlango, lenye ufa kwenye kona.
Miaka kumi na tisa lilikuwa nyuma ya banda la kuku.
"Alipewa bure, kwa sababu ya ufa," kasema.
"Akasema ni la mlangoni kwako.
Ulikuwa na miaka kumi na miwili
na tayari unagombana na kila mtu.
Akajua utataka kwako."

Nililiosha mwenyewe, mavi ya kuku na kuvu.
Mchana mzima.

Sasa lipo kizingitini, nusu juani.
Fundi alitaka kuuziba ule ufa, nikamkatalia.
Zulmira hulivuka kwa goti lake moja,
Benvinda huligonga mara mbili, kama anayebisha hodi,
na paka, ambaye hakuulizwa maoni,
amezipita mbao, vigae, na gome la bei ghali,
akajilaza pale, tumbo lote chini,
kwenye ubaridi wake.