Dakika Kumi na Moja

Alikuja Jumanne na dumu la lita tano,
Tuntufye, mkemia, koti lake jeupe kalikunja kwapani
asitazamwe sana hapa Gerezani.
"Ni mafuta ya paina," akasema.
"Kiwandani wanapika miti, wanachukua karatasi,
wanabaki na maji meusi kama kahawa ya msibani.
Povu linaloelea juu, wao waliita uchafu."

Mimi hunusa kabla sijaamini.
Dizeli naijua, hata iliyochakachuliwa,
naijua iliyolala kwenye pipa la chumvi Kurasini.
Hii ilinuka Mufindi.

Ukungu. Mama na kipanga chake anachana gome,
anafunga kikombe cha bati chini ya jeraha,
na mti unalia polepole
kama mtu asiyetaka watoto wasikie.
Jioni vidole vyake havikuachana.
Sabuni ilishindwa, majivu yalishindwa.
Tulimmiminia mafuta ya taa, kijiko kimoja tu,
maana koroboi nayo ilikuwa na kiu.

Nikajaza jenereta kuukuu.
Likakohoa. Likashika!
Fundi wa jirani akaacha kuchomelea, akaja kuangalia.
Dakika ya kumi na moja sauti ikawa nzito,
kama mtu anayemeza ugali bila mboga,
likazima.

Tuntufye hakulaani. Aliandika saa kwenye daftari.

Nikafungua nozeli. Sindano imeganda,
imevaa ngozi ya rangi ya asali,
nyembamba kuliko ganda la kitunguu.
Ulimbo. Ule ule tuliopaka vijitini kunasa chiriku,
leo umenasa chuma.
"Gundi ngumu imebaki humo," akasema,
"sikuitenga vya kutosha. Mafuta yenyewe hayana neno."
Alisema kama mzazi aliyeitwa shule.

Nikachukua tambara na mafuta ya taa,
kijiko kimoja;
mkono ulijua kipimo bila kuulizwa.
Ngozi ile ikalegea, ikatoka.

"Bei gani, fundi?"
"Acha hilo dumu. Rudi Jumanne na jingine,
lililochujwa."

Usiku, Temeke umeme umekatika,
nikampigia mama. Nikamwambia miti yake imefika Dar,
imeendesha injini dakika kumi na moja.
Akanyamaza kidogo; nikasikia kuku wake wakigombania dari.
"Na ya kumi na mbili?" akauliza.