Begi la Kipanga

Jimu yangu ya kwanza ilikuwa Mabela,
juu ya duka la matairi:
ngazi za nje, kiyoyozi chenye kikohozi,
na Wadha, mkufunzi, aliyelijua
goti langu la kushoto kuliko mimi.
Riali kumi na mbili kwa mwezi. Ukikwama,
"Lete ukipata, Zuwena. Kaa kwanza upumue."
Haikuwa na nembo. Mlangoni karatasi,
WANAWAKE TU, na namba ya simu iliyoliwa na jua.

Kisha akaja kipanga.
Kwanza kwenye bango, njia ya uwanja wa ndege,
mbawa za dhahabu juu ya weusi mtupu,
bila neno hata moja.
Halafu begani kwa Ibtihaji wa idara ya mikopo.
Halafu kwa meneja. Halafu kwenye chupa za maji,
nne, tano, juu ya meza za benki yetu,
na mimi na chupa yangu ya dukani,
karatasi nimeibandua.

Nikatia saini mwaka mzima, riali thelathini na tano.
Nilipewa begi kabla sijaonyeshwa mashine.

Wahenga walisema kizuri chajiuza,
kibaya chajitembeza.
Hawakumwona huyu:
yeye hujitembeza kwa miguu yangu,
toka maegesho hadi lifti, lifti hadi dawatini,
na nauli nalipa mimi.

Sasa nimwambie nani?
Mashine ya tatu, ya dirishani, imekufa tangu Shaabani.
Mkufunzi huniita "bingwa" kwa kuwa hajui jina langu.
Naenda mara moja kwa wiki mbili,
nanawa kwa sabuni yao ya ubani, narudi.
Na mtu akimsema kipanga vibaya
namtetea kama ndugu yangu wa kunyonya.

Jana Wadha alipiga simu.
Nilidhani ataniuliza nitarudi lini.
"Goti vipi?" Basi.
Nyuma yake kiyoyozi kilikohoa,
wanawake wakihesabu kwa sauti, kumi na nane, kumi na tisa,
mmoja akaruka hadi ishirini na tatu.
Nikacheka peke yangu garini, taa nyekundu, Mawaleh.

Leo umeingia ujumbe: mkataba wako unaisha Alhamisi.
Ukihuisha mapema, begi jipya,
rangi ya mchanga.

Nimeuliza kama lina mfuko wa viatu.