Kisanduku cha Muda

Fomu imefika Ndanda kwa basi la saa nne,
bahasha ina doa la mafuta ya taa.
Kipengele cha tisa: Tabibu wa miguu,
akishatoka chuoni, akae wodini kwa muda gani?
Kisanduku chenyewe hakitoshi hata ukucha.

Mimi enzi zetu nilikaa mwaka mmoja.
Mwaka mmoja, nikajua kukata.
Nilikata kidole cha Mzee Chinguile wa Chiwale
kwa mkono uliotulia, nikasifiwa,
na baada ya miezi sita akarudi,
kidole cha pili kimemfuata mwenzake.
Sikuwa nimemuuliza anavaa nini.
Katambuga. Msumari ulikuwa ndani ya katambuga.
Alitembea nao tangu kupuliza salfa hadi mnada wa korosho
asijue, maana kisukari kilishazima taa huko chini.

Hilo la kuinua kiatu cha mtu na kuingiza mkono
chuoni halimo. Lilinijia mwaka wa pili,
ambao sikupewa;
niliuiba usiku usiku, kwenye zamu za wengine.

Sasa Kunigunda yuko mwaka wa pili.
Namtazama alivyoushika uzi wa nailoni.
Anamwambia Bi Somoe afumbe macho:
"Sema ukihisi."
Anagusa kidole gumba. Kimya.
Anagusa chini ya kidole cha mwisho. Kimya.
Mwaka jana angegusa tena, kwa nguvu,
kama anayebisha hodi kwa mtu aliyehama.
Leo anangoja. Anausikiliza ule ukimya
hadi ajue unaanzia wapi,
kisha anauchorea mpaka kwa kalamu ya bluu.

Mwaka wa tatu, ningeandika, ni wa kuweka kisu chini.
Ni wa kwenda Masasi sokoni kwa fundi viatu,
kukaa naye kwenye kigoda, kubishana juu ya soli,
itobolewe wapi ili kidonda kisikanyage kitu.
Ningeandika mitatu, kwa wino.

Lakini Liwale wamepiga simu tena.
Hawana mtu. Wana ndoo ya maji ya chumvi, nesi mmoja,
na mguu wa mwalimu uliobadilika rangi tangu Jumatatu.
Tupeni huyo huyo wa miaka miwili, wanasema,
huo wa tatu tutamfundisha wenyewe.
Watamfundisha kweli.
Kwa miguu ya nani?

Nikaisoma fomu kwa sauti, kujipima.
Bi Somoe, macho bado kafumba, akacheka:
"Miwili, mitatu! Kidonda changu kina minne
na hakijaomba likizo hata siku moja.
Ingekuwa ni kuhitimu, kingekuwa profesa."
Halafu, bila kicheko: "Huyu binti asiende kwanza.
Ana mkono unaojua kungoja."

Na kule Liwale yuko mwalimu, naye anangoja.

Kunigunda hakuinua kichwa.
Alikuwa kati ya kisigino na kifundo,
uzi umepinda kama unywele uliodondoka kwenye maji,
na Bi Somoe akanyamaza, akakunja uso,
akasema polepole, "Hapo."
Kisha: "Hapo, kwa mbali."

Basi linarudi saa nane, dereva keshapiga honi ya kwanza.
Napapasa mfuko wa koti, napapasa mezani.
Kalamu anayo yeye.